Mifumo Miwili, Diski Moja

Mama mkwe wangu, Vukosava, hutarizi mataulo ya harusi. Mashine yake ya kutarizi hutii programu moja tu, na programu hiyo hukubali kufanya kazi ndani ya Windows ya zamani sana peke yake. Kompyuta yake kuukuu ilipoanza kukoroma, nilinakili diski yake nzima ikawa faili moja kubwa, nikaliweka kwenye kompyuta mpakato mpya tuliyonunua pamoja. Kesho yake ile kuukuu ikafa.

Ndani ya faili hilo mlikuwa na michoro ya marehemu mama yake, ambayo Vukosava aliiingiza mshono kwa mshono. Jumapili binti wa kaka yake alikuwa anaolewa. Huku kwetu Valjevo, nchini Serbia, msimamizi wa harusi asiye na taulo lililotariziwa kifuani ni mpita njia aliyekuja kula.

Nilimweleza mpango. Kompyuta mpya ingekuwa na mifumo endeshi miwili: Windows mpya, yake ya kutazamia picha za wajukuu, na Linux, yangu ya kazi. Kisha ndani ya Linux ningejenga mashine pepe, yaani kompyuta ya kudhania ndani ya kompyuta ya kweli, na humo Windows ya zamani ingeendelea kuishi bila kujua kwamba wenzake wamezikwa.

"Kwa hiyo nitakaa ndani yako," alisema Vukosava.

"Programu yako, mama."

"Kama mpangaji."

"Kama mama mkwe. Ghorofa yako, jiko lako."

"Na mlango?"

"Mlango ni mmoja."

"Nilijua tu," alisema, akanimiminia kahawa.

Ili mfumo wa pili upate mahali, diski hugawanywa, na vilivyomo husogezwa upande mmoja kama makabati. Kazi hiyo ikianza haikatizwi. Kanuni ni kuweka nakala pembeni kwanza. Diski ya nje ilikuwa kwenye mkoba wa mume wangu, Ognjen, na Ognjen alikuwa kazini. Nilianza bila nakala. Nikamwambia Vukosava asiiguse kompyuta, nikashuka kununua bureki, chapati zetu za tabaka zenye jibini.

Niliporudi, kioo kilikuwa cheusi na kompyuta ilikuwa ya moto kuliko bureki. Tundu la feni lilikuwa limejazwa sufu.

"Mama, hii ni nini?"

"Soksi."

"Naona ni soksi."

"Dude lako lilikuwa linanipuliza mgongoni, hapa kwenye figo. Unataka nipooze kabla ya harusi?"

"Ni hewa ya moto, mama."

"Hata jirani Desanka alisema ni hewa ya moto, akaketi penye upepo, kati ya dirisha na mlango. Mpaka leo shingo yake inatazama Belgrade."

"Nilikuambia usiiguse."

"Sikuigusa. Niliiziba."

Niliisubiri ipoe, nikaiwasha. Ikaandika mstari mmoja mweupe.

"Inasema nini?"

"Inasema haina mfumo wowote."

"Na michoro ya mama?"

Vukosava alivua miwani, akaikunja.

"Siikumbuki, Senka. Niliiingiza humo ili nisilazimike kuikumbuka."

Niliiwasha kwa Linux iliyokuwa kwenye flashi, nikaanza kukagua diski. Yeye alihamia upande wa pili wa meza, mbali na feni, koti mabegani, mwezi wa Juni. Hakula bureki. Mafolda yalirudi moja moja, mengine yamepoteza majina. Faili kubwa lilitokea mwishoni. Ukubwa wake ulikuwa uleule, jambo ambalo halithibitishi chochote.

Ognjen alipoingia, nilimnyang'anya mkoba kabla hajavua viatu. Safari hii nilitoa nakala kwanza. Kisha nikafuta diski yote, nikasimika Windows mpya, halafu Linux. Kompyuta ilipowaka, ikatuuliza tunataka mfumo upi.

"Kwa nini wako uko juu?" aliuliza Vukosava.

"Ndivyo inavyojipanga yenyewe."

"Ipange."

Niliipanga. Kisha nikaingia Linux, nikajenga mashine pepe, nikaikabidhi faili. Windows ya zamani ilifunguka, ikadai tuizime na kuiwasha tena. Hiyo kwake ni dalili ya afya. Programu ikafunguka. Nikaunganisha waya wa mashine ya kutarizi, Vukosava akatandika taulo, akachagua mchoro wa ndege.

Sindano ilianza na kichwa, ikashuka kwenye bawa. Ilipofika nyuma, nikaonyesha kwa kidole.

"Mama, mkia umepinda."

Vukosava alivaa miwani, akainama karibu na kitambaa, akautazama mkia mpaka sindano ikamaliza.

"Umepinda," alisema. "Mama alikuwa anaumwa jino siku ile." Akakata uzi kwa meno. "Lete taulo lingine."