Ratili ya Maji, Ratili ya Mchele

Mume wangu Ulises hajawahi kunibebea hata kikapu. Lakini siku Yokasta alipoanza kazi kwenye tanuri letu la mikate, alikimbia kumpokea ndoo. Ndoo ya galoni moja! Galoni ya maji ni ratili nane na kitu, mtoto wa shule anaibeba. "Pole, utaumia mgongo," akamwambia. Mgongo wangu, wa miaka yote ya kukanda, hana habari nao.

Yokasta alikuwa muuzaji wa mchele katika duka la pale kona. Ana kiuno, sikatai. Ana na kicheko, na kila akicheka, Ulises anakumbuka kazi ya kufanya karibu naye. Wivu? Ndiyo, wivu. Nilipomjia juu Ulises, akatoa hukumu: mkesha wa sikukuu ya San Juan, Yokasta akande mikate ya maji peke yake.

"Ikitoka sawa, anabaki. Ikiharibika, anarudi dukani."

"Umesema mwenyewe," nikamwambia.

"Nimesema. Unikome basi!"

Mkate wa maji ni mdogo, lakini una kiburi. Ganda livunjike, ndani uwe mwepesi. Unga ratili ishirini, maji ratili kumi na mbili, na maji hayo mimi huyaweka mizanini. Mkesha ulipofika, Yokasta aliipita mizani kana kwamba ni kiti, akachomoa kopo lake la dukani, lile la ratili, akaanza kuchota.

"Kwa kopo?" nikauliza.

"Doña Mireya, nimepimia watu kopo hili tangu utoto. Ratili ni ratili."

Ratili ya mchele, mwanangu, nikasema moyoni! Punje zinaachiana mianya. Maji hayaachi mwanya hata wa sindano. Kopo linalobeba ratili moja ya mchele, likijaa maji linazidi. Makopo kumi na mawili hayo yanapita ratili kumi na nne. Ningeweza kumwambia. Badala yake nikajimiminia kahawa, nikakaa kutazama.

Alikanda mpaka jasho likamtoka. Kinyunga kikamng'ang'ania hadi viwikoni, hakishikiki, hakikunjiki. Mikate ikatoka tanurini bapa kama kandambili, ndani mibichi. Moyoni nilikuwa nacheza ngoma. Leo ni leo, nikasema, asemaye kesho mwongo. Nikamwita Ulises kwa sauti ya asali.

Huyu ndiye mwanamume aliyewahi kunirudishia sinia zima mbele ya wateja, eti ganda limeiva kupita kiasi. Akachukua mkate mmoja. Akajaribu kuuvunja, haukuvunjika, ulivutika. Akatafuna muda mrefu. Yokasta alikuwa tayari analia.

"Bosi, nimeharibu. Nisamehe, nitarudi dukani."

"Umeharibu nini?" Ulises akachukua wa pili. "Mtamu huu. Laini. Wa Mireya ungekuwa umeshanivunja meno."

"Ulises, ni mbichi!" nikapiga kelele. "Ubonyeze uone, unatoa maji!"

"Mimi ndivyo ninavyopenda," akasema, bila kunitazama.

Yokasta aliacha kulia. Alimtazama Ulises, akanitazama mimi, na nikaona kwamba ameelewa saa ileile niliyoelewa mimi. Akajifuta machozi kwa mkono wenye unga. Kisha akamuuliza yeye, si mimi, kesho aje saa ngapi.