Mwaka Uliosuguliwa

Mama Sabuni alipiga magoti mbele ya jiwe la msingi, akachovya gunia kwenye ndoo ya mchanga, akasugua. Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi jiwe lazima ling'ae. Hiyo ndiyo amri ya baraza la wazee wa kanisa tangu alipoajiriwa kufagia, miaka thelathini na minane nyuma, kabla goti lake halijaanza kutabiri mvua kuishinda redio.

Kanisa la Presbiteri lilibanwa kati ya benki mbili kama mzee aliyesinzia katikati ya polisi. Mnara wake ulikuwa mrefu hata kunguru, watu waliapa, walitua katikati kuvuta pumzi ndipo wamalizie safari. Nyuma ya chumba cha mchungaji kulikuwa na kichumba, hatua nne kwa tatu: kitanda, jiko, na picha ya marehemu baba yake ameshika patasi. Hapo ndipo alipoishi Mama Sabuni. Kwingine hakuwa nako.

"Leo anakuja afisa wa majengo ya kale," alisema Mzee Karani, mwenye funguo na vitabu vyote vya kanisa. "Jibu utakachoulizwa tu."

"Wakivunja, mimi nitakwenda wapi, Mzee?"

"Mungu hamtupi mja wake."

"Mungu namjua. Nimekuuliza wewe."

Kila mtu aliijua sheria: jengo lililotimiza miaka mia halivunjwi. Kila mtu pia alikuwa ameiona ile ramani ya maduka, ghorofa kumi na mbili, iliyobandikwa mlangoni hata kabla ya kuulizwa umri wa jengo.

Afisa alifika saa nne, akaomba vitabu vya kumbukumbu.

"Viliungua," alisema Mzee Karani.

"Viliungua lini?" Mama Sabuni akadakia. "Juzi si nimevipangusa vumbi sebuleni kwako!"

"Mama, umeulizwa?"

Afisa akakohoa. "Jiwe la msingi lina mwaka?"

"Lina!" Mama Sabuni akatangulia, goti likisahau kuuma. "Baba yangu ndiye aliyelichonga. Ukuta huu wote kaukata yeye, mpaka akawa akikohoa anatoa kokoto."

Afisa akainama. Jiwe liling'aa kama yai lililomenywa. Herufi hakuna. Tarakimu hakuna. Aliona kivuli cha uso wake tu.

"Uko wapi huo mwaka?"

Mama Sabuni akalitazama jiwe, akautazama mchanga ndooni, akaitazama mikono yake. Kila Jumamosi. Kinachoisha kidogo kidogo, nani hukiona?

"Weka kidole hapa, mwanangu," alisema, sauti imepungua. "Bonde la ile tarakimu moja lipo. Hapa palikuwa na tisa. Pagusie."

"Kidole si ushahidi, mama. Jina la baba yako limeandikwa mahali?"

"Wachonga mawe hawaandikwi. Wanaandika wenzao."

"Mtumishi mwaminifu huyu," Mzee Karani alisema kwa sauti ya sala. "Hajakosa Jumamosi hata moja."

Afisa akaandika: umri haujulikani.

Wiki ya tatu mashine zikaingia. Kitanda cha Mama Sabuni kilikuwa ng'ambo ya barabara, mbele ya benki ya tatu, na mlinzi wake alikuwa ameshamwambia mara mbili akiondoe. Mashine ikaling'oa jiwe la msingi, ikalibwaga kifudifudi.

Mgongo wa jiwe, uliokuwa umefichwa na chokaa siku zote, ulikuwa na mwaka. Mkali, kama umechongwa jana. Chini yake, kwa herufi zilizopinda, jina la baba yake.

Akavuka barabara bila kutazama magari. Afisa alikuwa amesimama na Mzee Karani kando ya lori; akamshika mkono wa shati. "Soma!"

Afisa akasoma. Midomo ikahesabu. Miaka mia moja na miwili.

"Andika."

Afisa akafunika kalamu. "Sheria inalinda majengo, mama. Hiki sasa ni kifusi."

"Bibi, sogea!" dereva wa lori akapiga kelele. "Narudi nyuma!"

Mama Sabuni akavua kitambaa cha kichwa apanguse vumbi kwenye lile jina. Mkono ukasita hewani, haukuthubutu kushuka.

"Kwa vile kitambaa unacho mkononi," alisema Mzee Karani, akanyoosha mguu mbele yake, "hebu nipanguse viatu. Vumbi la hapa ni shida."

Kiatu kikasubiri.