Kiingilio cha Jukwaa la Jua

Siku klabu ilipobandika bei za fainali kwenye geti la uwanja, Kiraka alikuwa chini ya lori, mgongo juu ya gunia, mkono mmoja ndani ya rimu. Habari ililetwa na Shangazi. Hakuwa shangazi yake wala wa mtu yeyote pale mtaani. Jina alilipata uwanjani, kwa sababu yeye ndiye anayeanzisha nyimbo, na akianzisha hakuna mpwa anayethubutu kunyamaza.

"Toka huko chini," alisema. "Habari hii haisikilizwi kwa kulala."

"Sema tu. Lori halijanibana masikio."

"Kiingilio cha Jukwaa la Jua kimepanda mara nne."

Kiraka alitoka taratibu, grisi hadi kwenye nyusi. "Mara nne ya nini?"

"Ya kile tulichokuwa tunakilalamikia."

Jukwaa la Jua ni ule upande wa mashariki usio na paa. Ngazi tupu za saruji, na jua la alasiri linakupiga usoni kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Hakuna mwenye pesa aliyewahi kupagombania pale. Sasa bei ya tiketi moja ya kukaa juani ilitosha kununua tairi la mtumba la gari dogo, na tairi ukilitunza linakaa mwaka. Mpira ni dakika tisini.

Kiraka alikuwa fundi wa matairi, na jina lake lilitokana na kazi hiyo. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kukosa mechi hata moja ya nyumbani. Alikuwa mpiga ngoma. Ngoma yenyewe aliitengeneza kwa mikono yake: pipa la mafuta lililokatwa katikati, likawambwa mpira wa tyubu ya lori. Ngozi ikinyeshewa inalegea, tyubu haijali. Aliiita Bibi, maana ikianza kusema hainyamazi. Timu haikuwa imefika fainali kwa miaka kumi na tisa, na sasa imefika, na kura imeangukia uwanja wao wenyewe.

Jioni ile watu walijaa kwenye banda lake, wamekaa juu ya matairi. Mmoja alisema akope. Mwingine alisema aruke ukuta. Kinyozi wa jirani, mtu wa maneno mengi, alisema wakaangalie kwenye televisheni na yaishe.

"Kila mtu akitafuta mlango wake," alisema Shangazi, "mwakani watapandisha tena. Watasema si mlipata? Basi mnazo."

Kiraka aliinuka. Hakuwa mtu wa hotuba. "Haingii mtu mpaka waingie wote," alisema. "Kwa bei tuliyoizoea. Siku ya fainali tunakaa nje, nyuma ya ukuta wa jukwaa letu. Na Bibi atakuwepo."

"Tutaona nini?" aliuliza Kinyozi. "Matofali?"

"Tutasikia. Na wao watatusikia."

Walinyoosha mikono, mmoja mmoja. Kinyozi alinyoosha wa mwisho, akisema anapunga nzi.

Siku mbili kabla ya mechi, Katibu wa klabu alikuja bandani. Alikuwa mdogo wake mke wa Kiraka, na kabla ya kuvaa koti alikuwa akikaa Jukwaa la Jua kama watu wengine. Alisimama mbali na beseni la maji ili asirukiwe viatu.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo. Pancha au porojo?"

"Hivi dada yangu ulimpata kwa mdomo huo huo?"

"Kwa ngoma. Mdomo ulikataliwa."

Katibu alicheka, kisha akatoa tiketi mfukoni. Ilikuwa nene, inang'aa, ya jukwaa kuu. "Kivulini, shemeji. Kiti chenye mgongo. Bure kabisa. Watu wa televisheni wameuliza ngoma itakaa wapi."

"Wameuliza na watu watakaa wapi?"

"Shemeji, usifanye ugumu. Miaka kumi na tisa! Timu ikichukua kombe wewe uko nyuma ya tofali, utajisamehe?"

Hapo alimgusa palipouma. Kiraka alikuwa akiiota fainali hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote. Aliitazama ile tiketi muda mrefu kuliko alivyotaka. Angesema hapana, lakini mdomo ukatoa kingine: "Iache hapo juu ya kompresa."

Mtaa hauna siri. Kabla hajafunga banda, Kinyozi alipita akiangalia juu. "Naona paa limeota, fundi. Hongera. Sisi tusioota paa tutakusalimia kwa matofali."

Nyumbani, mkewe alimpakulia chakula na kusubiri ashibe kwanza.

"Mdogo wangu kaja kwako."

"Kaja."

"Mimi sikuambii uingie wala usiingie. Ukiingia sitakuuliza. Lakini ukikaa nje, usije ukaninung'unikia humu ndani mwaka mzima. Amua kama mtu mzima, ukishaamua umeamua."

Kiraka aliinuka. Aliosha mikono mara mbili, ingawa ilikuwa safi.

Siku ya mechi, saa nane mchana, watu mia mbili na ushee walikuwa wamesimama nyuma ya ukuta. Kiraka alifika akisukuma Bibi kwenye mkokoteni. Hakuna aliyemsalimia vizuri, macho ya wote yalikuwa kwenye mfuko wa shati lake, ambako ile tiketi ilichungulia kama kasuku.

Aliiteremsha ngoma. Akatoa kipande cha msasa, akaparuza sehemu ya juu ya ule mpira, pembeni kidogo ya katikati, mpaka ukawa mweupe. Akapuliza vumbi. Akapaka gundi ya tyubu kwa kidole, akaiparuza tiketi nayo kwa nyuma, akaipaka gundi. Kisha akangoja. Fundi mbaya anabandika gundi ikiwa mbichi, fundi mzuri anaiacha ikauke mpaka isishike kidole. Watu mia mbili walimngoja anavyongoja. Halafu akaibandika tiketi juu ya Bibi, akaigonga kwa nyundo ndogo, kona hadi kona.

"Hiyo haitoki tena," alisema Kinyozi polepole, kama mtu aliyeona jirani akichoma kitanda chake.

"Kiraka changu kimewahi kutoka?"

"Hapana, fundi."

"Basi tuimbe."

Shangazi alianzisha. Bibi akajibu. Ukuta wote ukatetemeka, na kutoka juu kabisa ya jukwaa kikachungulia kichwa cha mama muuza maji, ambaye yeye aliingia kwa kazi yake, ndoo kichwani. Alicheka, akapunga mkono, akarudi kwa wateja.

Filimbi ililia. Walisikia mechi kama unavyosikia ugomvi wa chumba cha pili: mshindo wa mpira, mguno, filimbi, mguno. Kiraka alipiga bila kupumzika. Kipindi cha kwanza kikaisha bila bao.

Dakika chache baada ya mapumziko, Jukwaa la Jua lililipuka juu ya vichwa vyao. Kelele kubwa, ya furaha, miguu ikikanyaga saruji. Goli! Kwa miaka ishirini na miwili, jukwaa lile likilipuka ni wao wamefunga, hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza. Shangazi alirusha kilemba. Kinyozi alimbusu mtu asiyemfahamu. Kiraka alimpiga Bibi mpaka jasho likamwingia machoni, na watu mia mbili wakaimba ule wimbo wa bao tangu mwanzo hadi mwisho, beti zote.

Mama muuza maji akachungulia tena. Hakuwa akicheka. "Nyinyi mna wazimu?" alipiga kelele. "Ni wao! Wao ndio wamefunga!"

"Lakini jukwaa letu limeshangilia!"

"Jukwaa lenu lina wageni watupu! Walikuja na mabasi, wakaingilia geti la nyuma. Klabu imewauzia ngazi zote!"

Mikono ikarudi mifukoni. Ndani, wageni walikuwa wakicheka na kupiga makofi kuelekea ukutani, wakiwashukuru. Kiraka alishusha vijiti vyake. Alijiona mjinga kuliko siku yoyote ya maisha yake. Kapigia ngoma goli la adui, kwenye fainali, na wachezaji wake wamesikia.

"Tuondoke," alisema mtu nyuma.

"Aondoke nani?" Shangazi alikuwa akiokota kilemba chake kwenye vumbi. "Fundi, ukibandika kiraka mahali sipo, unatupa tyubu?"

"Unabandika kingine mahali penyewe."

"Sasa?"

Kiraka alipangusa uso. Aliinua kichwa. "Mama wa maji! Wewe ndiye jicho letu. Tukifunga sisi, inua ndoo. Wakifunga wao, usiinue kitu. Mpira ukiwa kwetu, punga kitambaa."

"Na maji yangu nani atauza?"

"Tutakununulia ndoo nzima. Kiu tunayo."

Kitambaa kikaanza kupunga. Kikipunga haraka, Bibi anaenda haraka. Kikitulia, anatulia naye, anaunguruma chini kwa chini. Dakika ya sabini hivi, mlango mdogo wa ukutani ulifunguka na Katibu akatoka, tai imepinda.

"Shemeji, ingia. Ingia na ngoma. Na watu ishirini. Nimewaombea ruhusa."

"Tuko mia mbili na ushee."

"Nafasi hakuna ndani!"

"Mwongo huyo!" sauti ilitoka juu. "Viti vya wafadhili vitupu, nauzia hewa!"

Watu wakaangua kicheko. Katibu hakucheka. Alimshika Kiraka mkono. "Nakuomba. Mimi sina mamlaka zaidi ya hapo."

Mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Kupitia pale Kiraka aliona kipande cha nyasi, kidogo tu kama kitambaa cha mkono, kijani kuliko kitu chochote, na mguu wa mchezaji wao ukipita mbio. Hatua sita. Angeweza kuzihesabu.

"Rudi kwa wenye mamlaka," alisema. "Sisi hatuna haraka. Mwenye haraka ni refa."

Akampa mgongo ule mlango, asiuone, akapiga. Dakika saba baadaye ndoo ilipaa juu ya ukuta, maji yakiwamwagikia wote vichwani, na safari hii hakuna aliyeuliza.

Kombe hawakulichukua. Walikwenda kwenye penalti, na ndoo iliinuliwa mara tatu, kisha haikuinuliwa tena. Walikaa pale pale, wamelowa, mpaka basi la timu lilipotoka. Likasimama. Nahodha alishuka, magoti bado yana tope, medali ya fedha ameifumbata mkononi.

"Ngoma tuliisikia," alisema. "Lakini goli lao, mbona mlishangilia?"

Kila mtu alitazama viatu vyake. Shangazi peke yake ndiye aliyemtazama usoni. "Mwanangu, tulidhani waliokaa kwetu ni sisi."

Nahodha aliangalia juu kwenye zile ngazi, akapanda basi. Kesho yake redioni walimuuliza kuhusu penalti aliyoikosa. Alijibu kuhusu ukuta.

Wiki tatu baadaye Katibu alirudi bandani. Safari hii alikaa juu ya tairi, suruali na vyote. Mwenyekiti, alisema, amekubali bei ya zamani kwa mechi ndogo.

"Na kubwa?"

"Shemeji, umepata nusu. Chukua."

"Tairi lililozibwa nusu linakwenda wapi?" Kiraka alitumbukiza tyubu kwenye beseni, akafuata mapovu kwa macho. "Mechi ya kwanza lini?"

"Jumamosi."

"Vizuri. Tutakuwa ukutani. Mwambie mwenyekiti tumeshapazoea, pana kivuli."

Jumamosi ile walikuwa ukutani. Jumamosi iliyofuata pia, na watu walikuwa wameongezeka, maana wengine waliolipia ndani walisema raha iko nje. Ndani kulikuwa kumepoa kama msiba wa mtu asiye na ndugu. Jumatano ya wiki ya tatu, karatasi mpya ilibandikwa getini, na Kinyozi alikuja mbio na wembe mkononi, mteja amemwacha nusu kipara. Jukwaa la Jua, mechi zote, ndogo na kubwa: bei ya zamani.

Kiraka alikwenda kuisoma mwenyewe, mara mbili, kidole kwenye kila mstari.

Siku ya mechi alisimama pembeni ya geti, ngoma miguuni, akawaacha wapite. Shangazi. Kinyozi na yule mteja wake. Mkewe, ambaye hakuwa amekuja uwanjani kwa miaka mingi, akapita akimwambia asichelewe. Alingoja mpaka foleni ikaisha kabisa, kisha akambeba Bibi.

Mlinzi wa geti alichana tiketi yake. Akaiangalia ngoma. "Na hii? Mzigo mkubwa hivi unalipiwa."

"Tiketi yake hiyo hapo."

Mlinzi aliinama. Juu ya mpira, ile tiketi ya kung'aa ilikuwa imechakaa kwa kupigwa, kona mbili zimeliwa, lakini namba ya kiti bado ilisomeka.

"Hii si ya fainali?"

"Ndiyo," alisema Kiraka. "Haijatumika."

Mlinzi alimtazama, akasogea pembeni, na Kiraka akaanza kupanda ngazi, jua likimpiga usoni.