Uvimbe Usio na Mwenyewe

"Habari za asubuhi, Bernadeta. Kuhusu ule uvimbe wa titi ulioulizia jana, nimepata kliniki ya karibu. Nikuwekee nafasi?"

Bernadeta akaacha kukanyaga cherehani. Uvimbe gani tena? Huyu msaidizi wa simuni kazi yake ni kumtafutia mishono mipya na bei za vitenge, na kwa kumzoea anajua hadi rangi asizozipenda. Lakini jamani, simu katika nyumba ya kupanga ya Kiwalani ni ya nani? Ni kama kinu cha uani tu. Kila mwenye shida anaazima, na msaidizi anadhani wote ni Bernadeta.

Mtu humu ndani anaumwa, tena anaficha.

Akamvaa jirani yake Mwajabu, aliyekuwa akikaanga mihogo uani. "Shoga, jana ulitafuta nini kwenye simu yangu?"

"Mie? Matokeo ya mpira! Kwani vipi, mbona umepauka hivyo?"

"Nani mwingine aliishika?"

"Si mama mkwe wako! Alijifungia nayo chumbani, eti anaulizia mvua za kwao Masasi."

Juzi tu mama huyo alimletea blauzi aiachie kidogo kwapani, upande wa kushoto peke yake. Naye, mjinga, akafumua mshono huku akimtania kwamba jiji limemnenepesha! Sasa atamwanzaje? Mkwe na mkwe hawaulizani habari za maungo. Akijua amejulikana, mama atafunga mzigo kesho arudi kijijini, akafie huko na aibu yake.

Akainong'oneza simu, "Niwekee nafasi ya leo." Kisha akaenda kupiga magoti mlangoni kwa mama mkwe wake, Mama Eufrazia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, nina uvimbe kwenye titi. Naogopa kwenda kliniki peke yangu. Nisindikize."

Mama Eufrazia akamtazama, akamtazama, mpaka Bernadeta akainamisha macho.

"Ngoja nivae," akasema.

Kliniki walikaa bega kwa bega. Bernadeta alikuwa akimwomba Mungu kimoyomoyo, na wala hakuwa akiigiza.

Muuguzi akachungulia mlangoni. "Bernadeta!"

Bernadeta hakuinuka. Mama Eufrazia akamkabidhi mkoba, akakaza kanga yake kifuani.

"Abee," akaitika, akaingia.