Bastola ya Orrin Mikononi mwa Ardith

Nyumbu wa Ardith Nygaard alikufa kwa tabu, na muda wote huo Ardith alikuwa amesimama kando yake, bastola mkononi.

Ilikuwa vuli, vilele vya milima vimeshaanza kuwa vyeupe kwa theluji. Nyumbu huyo wa kubeba mizigo, Otis, aliteleza kwenye mawe ya kijito nyuma ya zizi, akavunjika mguu wa mbele. Daktari wa mifugo alikuwa upande wa pili wa kaunti. Ardith akaingia ndani, akafungua droo ya jikoni, akatoa bastola ya marehemu mumewe Orrin, bastola ndogo ya kuingia kwenye mfuko wa aproni. Magazini ilikuwa na risasi zake, kama Orrin alivyoiacha. Kilichobaki kilikuwa kukivuta nyuma kile chuma cha juu na kukiachia, risasi ya kwanza iingie chemba, tundu inamofyatuliwa. Orrin alikuwa akifanya hivyo huku anazungumza habari za bei ya nyasi, wala hatazami.

Ardith hakuweza. Baridi yabisi ilikuwa imemkamata mikono tangu alipovuka hamsini, na sasa vidole vyake vilikuwa vimelala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo, viungo vimevimba na kung'aa. Alivuta kwa vidole, akavuta kwa aproni, akaibana bastola katikati ya magoti akavuta kwa mikono yote miwili. Chuma kilisogea unene wa kucha, kikarudi. Otis akamtazama. Hakulia, nyumbu yule. Alimtazama tu, mpaka jirani yake Delwin Pruett alipofika na bunduki yake juu ya trekta, na jua limeshaingia nyuma ya mlima.

Wiki hiyo hiyo binti yake alipiga simu kutoka mji wa Spokane. "Mama, uza hilo shamba. Huku kuna nyumba nzuri za wazee, kuna lifti, kuna kila kitu."

"Nitakaa huko nitazame nini? Magari yaliyoegeshwa?"

"Mama, mikono yako!"

"Mikono yangu iko hapa. Haijaenda popote," Ardith akasema, akakata simu. Halafu akavaa koti, akaenda kwa Delwin.

Delwin alikuwa chini ya trekta, miguu tu ndiyo inayoonekana. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vililiwa na mashine ya kufungia nyasi, na yeye mwenyewe alikuwa akiwaambia watoto wa kanisani kwamba aliviuza.

"Delwin, nataka unifundishe kuikoki bastola ya Orrin."

Miguu ikatulia. "Nunua ile ya silinda inayozunguka, Ardith. Ile haina haja ya kukoki."

"Nimeijaribu dukani. Triga yake ngumu kama mlango wa ghala. Sikuweza kuifyatua hata mara moja, kijana wa dukani akaniangalia kama ananisindikiza kaburini."

Delwin akatoka chini ya trekta, akajifuta mikono, akamtazama vizuri. Hakufanya mzaha. "Ile siku ya Otis ilikuwa mbaya," akasema.

"Haitatokea tena."

"Basi nenda ukaweke kahawa, nakuja. Mimi naitafuta miwani."

Walianzia kwenye meza ya jikoni kwa Ardith, na Delwin alianza kwa kuitoa magazini, akaangalia chemba kwa jicho, akaingiza na ncha ya kidole kuhakikisha, kisha akampa Ardith naye aangalie. Risasi zote akazipeleka sebuleni, mbali na meza. "Kila siku tunaanza hivi. Hata ukiwa umeiangalia dakika hii, ukiiweka chini na kuinyanyua tena, unaangalia tena. Na mdomo wake unatazama kule, kwenye ukuta wa mawe. Si kwangu. Mimi nina vidole vya kutosha vilivyopotea."

"Nimeelewa."

"Haya. Nionyeshe unavyofanya."

Ardith akaikamata kwa mkono wa kulia, akaunyoosha mbele, akashika chuma kwa ncha za vidole viwili vya kushoto, akavuta. Maumivu yalimpanda hadi begani. Chuma kikabaki pale pale.

"Unaifungua kama kifuko cha pipi," Delwin akasema.

"Na wewe unaongea kama redio."

"Sikiliza. Mimi nilipopoteza hivi viwili, nilikaa mwaka mzima siwezi kukoki kitu chochote. Nikadhani mambo yangu yamekwisha. Kosa langu ni kwamba nilikuwa navuta. Usivute. Vidole vyako havina nguvu, sawa, viache vipumzike. Lakini mwanamke aliyeinua mafungu ya nyasi miaka yote ile hawezi kuniambia hana mgongo."

Akamwambia ailete bastola karibu na kifua, viwiko vigusane na mbavu, mdomo ukitazama ukutani na kidole cha kulia kikiwa mbali na triga. Kisha aufunike ule mkono wa kushoto juu ya chuma, kiganja kizima, kama anavyofunika unga wa mkate. Akamvisha glavu yenye mpira kiganjani, chuma kisiteleze. Akamwonyesha kile kinyundo kidogo cha nyuma: akikirudisha kwanza kwa ubavu wa kiganja, springi inayobaki inakuwa nyepesi.

"Sasa mkono wa kushoto usiende popote. Huo umekufa. Wa kulia ndio unaosukuma mbele. Na si mkono, ni nyonga. Unajua unavyofunga mlango wa zizi kwa nyonga ukiwa na ndoo mikononi?"

"Najua."

"Fanya hivyo hivyo."

Alifanya, ikagoma. Alifanya tena, ikagoma. Siku ile ikaisha hivyo, na ya pili yake. Siku ya tatu Ardith alilia kwa hasira, akamwambia Delwin aende nyumbani kwake na ushauri wake, na Delwin akaenda, lakini aliacha pai yake nusu kwenye sahani, maana yake atarudi.

Alipobaki peke yake Ardith aliketi akiitazama mikono yake. Mikono hiyo ilikuwa imewavuta wanakondoo kutoka matumboni mwa mama zao. Ilimwosha Orrin siku yake ya mwisho. Kwa miaka mingi alikuwa akiichukia kama wageni waliokataa kuondoka. Akasimama. Akaangalia chemba, tupu. Akaiweka bastola kifuani, akafunika kiganja, akageuka ubavu, akasukuma kwa nyonga kana kwamba analizuia dume la kondoo mlangoni.

Klaki.

Chuma kilirudi nyuma chote, kikajirusha mbele chenyewe. Sauti ile ilijaa jikoni. Ardith alibaki ameduwaa, mdomo wazi, akitazama vidole vyake vilivyopinda vilivyokaa juu ya chuma, palepale vilipokuwa. Havikufanya kazi yoyote! Nguvu ilitoka chini, kwenye sakafu, ikapanda miguuni, ikapita mgongoni, ikatokea mbele. Alikuwa nayo siku zote. Alikuwa nayo hata siku ya Otis.

Alirudia. Klaki. Akacheka peke yake kama mwendawazimu, kisha akampigia Delwin simu, akaisogeza karibu na bastola ili asikie.

Majira ya baridi yote walifanya mazoezi nyuma ya karakana ya Delwin, kwenye tuta la kokoto, masikio yamefunikwa. Delwin alimchongea kibao chenye tundu cha kumsaidia kushindilia risasi kwenye magazini kwa uzito wa mkono badala ya kidole gumba. Risasi ya kwanza iliruka juu ya kopo, ya pili ikapiga theluji, Delwin akauliza theluji imemkosea nini. Lakini kufikia Februari makopo yalikuwa yanaruka.

Mwishoni mwa Machi, asubuhi, Ardith alikuwa jikoni anasubiri vidole vyake vilegee kwenye kikombe cha moto aliposikia waya wa uzio ukilia. Akatazama dirishani. Elki walikuwa wanashuka kutoka msituni kwenda malishoni, wale kulungu wa milimani walio wakubwa kama farasi, kundi zima. Mmoja, jike, alikuwa kwenye uzio. Aliruka akakosea, miguu ya nyuma ikanaswa kati ya nyaya mbili, akapinduka. Mguu mmoja ulikuwa umevunjika vibaya, hata kutoka mbali ilionekana.

Akapiga simu kwa askari wa wanyamapori, Marlys Teague.

"Niko mbali, Ardith, barabara ya bonde imefungwa na theluji," Marlys akasema. "Mguu umevunjika, una hakika?"

"Mfupa unaonekana."

"Kama unaweza kummaliza, nakupa ruhusa. Ripoti nitaandika mimi. Unaweza?"

"Ndiyo," Ardith akasema, na akashangaa jinsi jibu lilivyotoka upesi.

Alitembea polepole kwenye theluji ngumu. Kundi lilirudi nyuma hadi ukingo wa miti, likasimama. Yule jike alikuwa ameacha kupigana na waya. Ardith alisogea mpaka akaisikia pumzi yake.

Miaka arobaini aliishi na wanyama hawa, na hakuwahi kumkaribia hata mmoja kiasi hiki. Kwa mbali walikuwa madoa ya kahawia. Huyu alikuwa na kope ndefu zilizoganda umande, na shingo yenye manyoya meusi mazito, na alinuka majani makavu na utomvu. Mvuke wa pua yake ulimfikia Ardith usoni, wa moto. Jicho lake lilikuwa kubwa mno, na ndani yake mlikuwa na mlima, na anga, na mwanamke mdogo mwenye koti jekundu. Ardith alisahau baridi. Alijiona amesimama mlangoni mwa nyumba asiyostahili kuingia.

"Mama," akamwambia kwa sauti ya chini, "samahani kwa waya wangu."

Akageuka ubavu, upande ambao nyuma ya mnyama kulikuwa na tuta la udongo tu. Akaiweka bastola kifuani, akafunika kiganja, akasukuma. Mikono ilikuwa ya asubuhi, migumu kama kuni. Chuma kilienda nusu kikarudi. Akafumba macho, akaihisi ardhi chini ya buti zake, akasubiri mpaka akaihisi vizuri. Kisha nyonga.

Klaki.

Alisogea hatua moja, akainua mikono yote miwili, akalenga pale Delwin alipomwambia kwamba mnyama hatajua kitu.

Mlio ulipita bondeni, ukapiga mlima, ukarudi. Jike alilala shingo kwenye theluji, polepole, kama anayechoka. Ilikuwa imekwisha. Ardith akabonyeza magazini ikaanguka, akakoki mara moja zaidi, risasi iliyobaki ikarukia thelujini, akaangalia chemba.

Delwin alikuja mbio kupitia shamba lake, kofia mkononi, akihema. Akaona uzio, akamwona elki, akamwona Ardith. Akafungua mdomo kusema kitu, ila Ardith akamwinulia mkono anyamaze, akamwonyesha kwa kidevu.

Elki walikuwa wanarudi. Walitoka msituni mmoja mmoja, wakashuka moja kwa moja kuelekea pale uzio ulipolegea, kana kwamba Ardith na Delwin ni nguzo. Jike kiongozi alipita karibu kiasi cha kumgusa Ardith, akainamisha pua juu ya aliyelala, akavuta pumzi ndefu, kisha akaruka. Wakaruka na wengine, wazito wale, bila kishindo, mvuke ukipanda juu ya migongo yao na jua likiupiga ukawa wa dhahabu. Ardith aliihisi ardhi ikitikisika kwenye nyayo zake. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta.

"Umewahi kuona kitu kama hiki?" Delwin akanong'ona.

"Sijawahi."

"Wala mimi. Na nimezaliwa hapa."

Wa mwisho alikuwa ndama wa mwaka uliopita, miguu mirefu isiyojua iende wapi. Alifika kwenye waya, akautazama, akawatazama wao. Akapiga magoti, akapenya chini yake, akajikung'uta theluji, na kuwakimbilia wenzake malishoni.