Valvu ya Mtaa wa Juu

Fundi wa maji, mwanamke wa makamo, alikuwa ameinama ndani ya shimo la valvu aliposikia buti zikishuka ngazi. Aliyeshuka alikuwa shemeji yake, mchinjaji, mume wa dada yake.

"Funga ya mtaa wa juu. Fungulia yetu ya chini."

"Zamu yenu saa nane, shemeji."

"Kila zamu yetu ikifika, tangi limekauka."

Maneno hayo yalikuwa kweli. Mchinjaji akaokota spana, akamtandika nayo kwenye taya. Fundi akaona nyota mchana, akatema jino na damu. Akapigwa teke la mbavu, kisha jingine, hadi pumzi zikamkatika. Mchinjaji akashika mkono wa valvu.

"Polepole," fundi alinong'ona. "Ukifunga ghafla, bomba—"

Akaifunga kwa pigo moja. Maji yaliyokuwa yakienda kasi yakakosa njia, yakarudi kwa kishindo. Bomba likaruka, kiungio kikapasuka, na chuma kikamvunja mchinjaji mguu chini ya goti, kikambana ukutani. Shimo likaanza kujaa.

Fundi akapanda ngazi, akatambaa hadi kwenye valvu kuu, hatua ishirini mbele. Hii ilikuwa ya usukani, mizunguko thelathini na miwili mpaka ifunge. Akaushika. Nyuma yake sauti ilikuwa ikiita, "Shemeji! Shemeji!" huku ikikatwa na maji.

Hakuzungusha. Mkono uliompiga ndio uliomvunja dada yake mbavu mwaka jana, naye dada akasema ameanguka bafuni. Fundi alisimama akisikiliza mpaka kuita kukageuka kukohoa. Ndipo akazungusha, damu ikimchuruzika shingoni, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka mngurumo ukafa.

Majirani walimtoa mchinjaji akiwa hai, maji yamemfika mdomoni. Mguu ulikatwa. Mitaa yote miwili ilikaa siku nne bila tone.

Siku ya tatu dada alikuja hospitalini, akaketi kando ya kitanda cha fundi, akamnywesha uji kwa mrija.

"Anasema ulikawia," alisema.

"Nilikawia," fundi akajibu kupitia meno yaliyofungwa kwa waya.

Dada akamfuta kidevu taratibu. "Nimehamisha nguo zangu," akasema. "Ziko kwako, chumba cha nyuma."