Marudiano ya Mugumu

Mabao mawili kwa bila. Ndivyo Radi ya Tarime ilivyoifunga Nyati ya Mugumu kwenye mechi ya kwanza ya fainali, na kuanzia jioni ile mji mzima ulilihesabu Kombe la Vijiji kuwa lao. Mwenyekiti wa klabu alikuwa ameshachagua mahali litakapowekwa ofisini kwake. Waliobaki na wasiwasi walikuwa wawili tu. Mmoja ni kocha Desderius, mwalimu aliyehamishiwa Tarime kutoka Bukoba, mtu asiyefurahia kitu mpaka akishike mkononi. Wa pili ni nahodha, Sadick, fundi cherehani na beki wa kati, ambaye kwa kweli hakuwa na wasiwasi. Alikuwa amechoka.

Uchovu wake haukuwa wa mechi moja. Mwaka ule, baada ya Operesheni ya kuhamia vijijini, alfajiri alikuwa kwenye shamba la ujamaa pamoja na wanaume wengine wa mjini, kila mtu na mistari yake ya mahindi. Mchana alishona sare za mgambo. Jioni alikuwa uwanjani, akipiga kelele kupanga ukuta wa mabeki waliokuwa bado wananyonya alipoanza yeye kucheza. Magoti yalimuuma akipanda ngazi na yalimuuma akishuka. Alimwambia mkewe, Mwanamvua, kwamba fainali hii ndiyo ya mwisho. Mwanamvua alimkumbusha kwamba hata mwaka juzi alisema hivyo hivyo, kisha akamkanda miguu kwa maji ya moto kama kawaida.

Kwa safari ya marudiano, Radi walipewa lori lile lile lililokuwa likihamisha watu mwaka uliopita. Hakuna aliyelifikiria jambo hilo. Lori lilikuwa na matairi, lilikuwa na dizeli, na lilikuwa na dereva wake Hezekia, mtu mpole wa kijiji cha Nyarero ambaye tangu Operesheni ilipoisha alikuwa haongei sana. Waliondoka kabla ya jua, wachezaji wamejikunja nyuma juu ya magunia matupu. Mechi ilikuwa saa kumi jioni, na utaratibu wa mashindano ulijulikana: timu isiyofika uwanjani, mwenzake anachukua kombe.

Mto Mara waliuvuka salama. Lakini mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na walipofika upande wa Nyansurura udongo mweusi uliwashika. Lori lilizama mpaka ekseli. Walishuka, wakasukuma, wakakata matawi na kuyasokomeza chini ya matairi, wakasukuma tena. Kila Hezekia alipokanyaga mafuta, gari lilizidi kukaa chini kama mama mjamzito anayetafuta mkao.

Juu kidogo ya barabara kulikuwa na kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari iliyonyooka kama madawati. Sadick na Desderius walipanda kwenda kuomba msaada. Wanaume karibu wote hawakuwepo. Walikuwa wamerudi kwenye mahame yao ya zamani, mwendo wa nusu siku, kuvuna mtama uliobaki huko. Walimkuta mama mmoja wa makamo akilima kwa plau, na mbele yake maksai wanne wenye migongo mipana. Aliitwa Nyangi.

Walimwamkia shikamoo, akaitikia. Sadick alimweleza shida yao kwa Kikurya, maana ingawa baba yake alitoka pwani, yeye alizaliwa na kukulia Tarime. Nyangi alimsikiliza mpaka mwisho huku akilitazama lori kule chini.

"Lile gari nalijua," alisema. "Ndilo lililonileta hapa na vyungu vyangu na mume wangu mgonjwa. Lilitushusha kwenye mvua, likaenda kuchukua wengine. Leo limekwama, mnataka ng'ombe wangu walitoe."

Desderius alisema wao ni wacheza mpira tu, hawakumhamisha mtu. Nyangi alimjibu kwamba hilo analiona, na kwamba hana ugomvi nao. Kisha akawageuza maksai kuanza mstari mwingine.

Sadick hakuondoka. Nyuma ya shamba aliona nyumba ya msonge, kuta zimekandikwa lakini haina paa. Paa lenyewe lilikuwa chini kando yake, zima, fito zimefungwa na nyasi tayari zimeezekwa, limelowa na kuanza kuota majani. Aliuliza. Nyangi alimweleza kwamba wanaume walilimaliza, wakaondoka kabla ya kulipandisha, na waliobaki ni wanawake na wazee. Mumewe alikuwa amelala chini ya turubai kwa jirani. Mvua ikija upande huu anamsogeza upande ule.

"Sisi tumejaa lori zima," Sadick alisema. "Tutalipandisha."

Desderius alimvuta pembeni. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na alipokasirika sauti ilizidi kushuka.

"Hayo mabega na hiyo miguu ndiyo tunayoitegemea jioni, Sadick."

"Bila maksai hakuna jioni, Mwalimu."

"Tunaweza kutafuta maksai wengine."

"Tunaweza," Sadick alikubali, lakini hakupiga hatua. Desderius alimtazama kwa muda, akaona kwamba maksai walikuwa nusu tu ya sababu, akaenda kuwaita wachezaji.

Walidhani ni kazi ya dakika chache. Haikuwa hivyo. Nyasi zilikuwa zimekunywa maji na paa lilikuwa zito kama mwamba. Mara ya kwanza walilinyanyua mpaka magotini, wakalirudisha. Mara ya pili liliegemea ukuta, na udongo wa ukuta ukaanza kumeguka, ikabidi wachimbie nguzo nne za kusaidia. Athuman, winga wao, kijana mwenye mbio kuliko wote, alinung'unika waziwazi kwamba yeye alikuja kucheza fainali. Hezekia, ambaye mpaka hapo alikuwa amejifungia ndani ya lori, alikuja bila kuitwa, akaingiza bega chini ya fito. Nyangi alimtambua. Baadaye, alipoleta maji ya kunywa kwenye kibuyu, alimpa wa mwisho, lakini alimpa.

Paa lilipokaa, jua lilikuwa limepita utosini zamani. Maksai walifungwa minyororo, wakalivuta lori mara moja tu, kana kwamba halikuwa limekwama.

Waliingia Mugumu refa akiwa ameshaangalia saa yake na kuiangalia tena. Walivaa jezi juu ya lori, matope yangali shingoni, wakaruka chini moja kwa moja uwanjani. Watu waliuzunguka uwanja pande zote, wengine wakiwa wametoka Machochwe kwa miguu tangu jana yake, kwa sababu nahodha wa Nyati, Nyangwine, alikuwa kijana wao wa Machochwe. Alikuwa mshambuliaji mrefu, mkulima mwenye mifugo, na alikimbia bila kuonekana kutumia nguvu.

Kwa kipindi kirefu Radi walijitahidi. Mpira ukija, Sadick aliupiga mbali, kwa kichwa au kwa mguu, popote ulipokwenda ni sawa tu. Lakini Athuman, kila alipopewa mpira pembeni, alikimbia kidogo na kusimama, mkono kiunoni. Karibu na mapumziko ilipigwa kona, mabeki wote wakaruka wakiwa wamechelewa, na Nyati wakapata la kwanza.

Wakati wa mapumziko wachezaji walilala kwenye nyasi. Desderius alichuchumaa mbele ya Sadick.

"Nikutoe?"

Sadick alitazama miguu yake iliyonyooka mbele yake. Ilikuwa ikitetemeka yenyewe, taratibu, kama ngozi ya ng'ombe anapotuliwa na inzi.

"Niache," alisema.

La pili liliingia mapema kipindi cha pili, shuti la mbali ambalo kipa aliliona lakini mwili haukumfuata. Sasa timu zilikuwa sawa. Mabeki wa Radi walikuwa wamerudi mpaka ndani ya boksi, si kwa mpango, bali kwa sababu kupanda mbele kulimaanisha kurudi tena. Zikiwa zimebaki dakika chache, mpira mrefu ulipigwa kutoka katikati. Nyangwine na Sadick walianza pamoja. Sadick alikuwa mbele kwa hatua moja, na kwa miaka yote aliyocheza hatua moja ilimtosha. Msuli wa nyuma ya paja ukakaza ghafla. Alijaribu kuunyoosha mkono ashike jezi, afanye chochote, lakini jezi ilikuwa imeshapita. Aliangalia goli la tatu akiwa amelala kifudifudi.

Filimbi ya mwisho ilipolia aliendelea kukaa pale pale. Watu walimruka wakikimbilia kumbeba Nyangwine. Baadaye sana, kelele zilipopungua, Nyangwine alikuja akakaa kando yake, akamshika mguu na kuukunja polepole mpaka msuli ukaachia. Alimuuliza yale matope ni ya nini. Sadick akamweleza kwa kifupi.

Nyangwine aliuweka mguu chini. "Mngetuambia," alisema. "Tungecheza kesho. Tungewapa mahali pa kulala."

Tangu Radi waingie mjini hakuna hata mmoja wao aliyefikiria kuomba. Neno lile lilimuuma Sadick kuliko goli lenyewe, maana halikuwa la kejeli.

Wenyeji waliwapa ugali na nyama ya ng'ombe kwenye darasa la shule. Sadick alisinzia tonge likiwa mkononi, na Hezekia akalitoa taratibu kwenye vidole vyake na kulirudisha kwenye sahani.

Tarime hawakumpokea kwa ugali. Kwenye mkutano wa klabu mwenyekiti alisema kombe limeuzwa kwa nyasi. Athuman alisimama akaeleza kwamba yeye alipinga tangu mwanzo, na hilo lilikuwa kweli. Wengine walimtetea Sadick, lakini kwa sauti za watu wasiotaka ugomvi. Alipoulizwa ana lipi la kusema, alisema wenzao walicheza vizuri na kwamba yeye alipaswa kukubali kutolewa wakati wa mapumziko. Juu ya paa hakusema kitu, wala kuomba radhi wala kujitetea. Walimvua unahodha wakampa Athuman.

Nyumbani Mwanamvua alitaka kujua jambo moja tu, kama paa lilikaa sawa.

"Lilielemea kidogo," Sadick alisema. "Lakini halivuji."

Wiki ile Desderius alifika dukani kwake na fungu la jezi zilizochanika. Aliziweka mezani, akakaa kwenye benchi la wateja, na kwa muda wakasikiliza cherehani ikienda. Hatimaye mwalimu alisema ligi ya wilaya inaanza mwezi ujao, na kwamba Athuman, pamoja na unahodha wake, hajui kupanga ukuta. Hakuuliza swali, lakini alisubiri jibu.

Sadick alikata uzi kwa meno. Aliigeuza jezi, akaangalia mshono kwa ndani, akaikunja.

"Mwalimu," alisema, "acha kwanza nilale."

Desderius aliitikia kwa kichwa. Hakuinuka mara moja, kwa kuwa na yeye alikuwa amechoka, na benchi lilikuwa kivulini.